Jinsi ya kukagua hoja ya kubadilisha pensheni au bima ya afya kabla hujaiunga mkono au kuipinga

Mwangaluka ndugu zangu wa Mwanza na nyie wa visiwani huko. Kila serikali ikigusa pensheni au bima ya afya, maneno yanakuwa mengi hapa mjini, kuanzia vijiwe vya kahawa Makoroboi mpaka vyumba vya walimu, huyu anasema wametuibia, yule anasema wasipokata mfuko unakufa, na ukiwauliza namba wote wawili hawana. Mi ni mwakilishi wa wafanyakazi pale kazini, kwa iyo watu wananifuata sana na haya maswali, ndo nimeona niandike njia ninayotumia, ili hata mvuvi wa Ukerewe au mama wa dagaa pale mwaloni Kirumba asimame kwenye mkutano wa mtaa aulize swali ambalo mkubwa aliyekaa mbele hawezi kulikwepa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mifuko hii lazima irekebishwe kila baada ya muda, maana watu wanaishi miaka mingi zaidi baada ya kustaafu na matibabu yanapanda bei, hilo silipingi. Ninachopinga ni marekebisho yanayoshushwa juu ya watu ambao hawajapigiwa hesabu. Hayo hayakai. Mwaka 2018 tuliona, kanuni mpya za mafao zikatoka, wafanyakazi nchi nzima wakachachamaa, na mwezi Desemba mwaka huo huo Rais Magufuli akazisimamisha. Miaka mitatu na nusu ikapita kabla ya kikokotoo kingine, yani formula ya kupigia mafao, kuanza Julai 2022.

Sasa tuanze.

Jua kwanza ni mfuko gani unaongelewa

Hapa ndo ugomvi mwingi unapoanzia, mtu anamjibu mwenzake kuhusu mfuko mwingine kabisa. Mtumishi wa umma yuko PSSSF, ambao ulizaliwa 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Aliyeajiriwa na kampuni binafsi, na anayejiajiri, yuko NSSF. Yote miwili inakusanya asilimia 20 ya mshahara, tofauti ni nani anatoa kiasi gani: PSSSF mfanyakazi anakatwa 5 na mwajiri anaweka 15, NSSF kwa kawaida ni 10 kwa 10. Bima ni kitu kingine, NHIF inachukua asilimia 6 kwa walioajiriwa serikalini, nusu yako nusu ya mwajiri, inakuhudumia wewe, mwenza na wategemezi hadi wanne. Alafu kuna CHF iliyoboreshwa, yani mfuko wa afya ya jamii, ile ya elfu 30 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka katika mikoa mingi, ambayo matibabu yake yanaishia hospitali ya rufaa ya mkoa, yani kwa hapa kwetu Sekou Toure, sio Bugando ambayo ni ya kanda. Wengi hawalijui hili mpaka siku mgonjwa anapandishwa kule juu na familia inaanza kuuza mbuzi.

Kwa iyo mtu akisema "wanapandisha michango", swali lako la kwanza liwe: ya mfuko gani, na kwa nani?

Piga hesabu mwenyewe, usisubiri kuhesabiwa

Hii ndo sehemu nataka ukae nayo kwa utulivu. Chukua simu, fungua kikokotoo cha kawaida tu.

Formula inayotumika sasa inaanza hivi: miezi uliyochangia, zidisha wastani wa mshahara wako wa mwaka (wanachukua miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho), gawa kwa 580. Unapata pensheni yako ya mwaka mzima kabla haijagawanywa. Tuseme dada mmoja muuguzi, mshahara wake wa mwisho mwisho wastani ni milioni moja kwa mwezi, yani milioni 12 kwa mwaka, na amechangia miaka 30, miezi 360. 360 mara 12,000,000 gawa kwa 580 inakuja kama 7,448,000 kwa mwaka.

Hapo sasa inagawanywa. Sehemu moja anapewa mkupuo siku anastaafu, inayobaki analipwa kila mwezi mpaka anafariki. Mkupuo unapatikana kwa kuchukua ile 7,448,000, kuzidisha kwa 12.5, alafu kuzidisha kwa asilimia iliyowekwa. Kwa asilimia 33 ya mwaka 2022, dada yetu alikuwa anapata mkupuo wa milioni 30.7 na laki nne na elfu 16 hivi kila mwezi. Bajeti ya 2024/25 ikasema waliokuwa wanapata asilimia 50 zamani wakashushwa kwenye 33 wapandishwe hadi 40, na wale ambao zamani walikuwa 25 wapate 35. Kwa 40 dada anapata milioni 37.2 mkononi, na kila mwezi laki tatu na elfu 72.

Umeona kilichotokea? Mkupuo umepanda milioni sita na nusu, ya kila mwezi imeshuka elfu 43. Hakuna aliyempa zawadi, wamemhamishia hela yake kutoka uzeeni kuja leo. Na ile 12.5 ndo ina siri yote, maana yake mkupuo ni pensheni ya miaka 12 na nusu unalipwa kwa mpigo. Akistaafu na miaka 60, akifika 72 na nusu anakuwa sawa sawa (kama hela ya mkupuo hakuizalisha), akiishi zaidi ya hapo yule aliyechukua mkupuo mdogo ndo yuko vizuri. Mtu ana mama yake ana miaka 88 anachuma mihogo Kwimba huko na anapigia kelele mkupuo tu, mi huwa namwambia akae chini kwanza.

Ila sikatai kwa nini watu wanautaka. Ukistaafu nyumba haijaisha, mtoto yuko chuo, na benki haikukopeshi tena kwa urahisi, milioni 37 inajenga, laki tatu na nusu haijengi. Na zamani aliyekuwa PSPF alikuwa anagawiwa kwa 540, anazidishiwa 15.5 na anapewa nusu, kwa hesabu ya huyu huyu dada ingekuwa mkupuo wa milioni 62 na laki tatu na elfu 33 kila mwezi. Kutoka 62 mpaka 30 ni kuporomoka, mtu kaingia kazini anaahidiwa kile, anatoka na hiki. Kwa iyo hasira ile ilikuwa ya haki, hata kama ile formula ya zamani isingeweza kubebeka.

Kwa nini nasema isingebebeka? Angalia upande wa pili.

Uliza hela inatoka wapi

Dada yetu tuseme alikuwa na mshahara huo huo wa milioni moja tangu siku ya kwanza, kitu ambacho hakipo, ila tumpendelee. Mchango wa asilimia 20 ni laki mbili kwa mwezi, mara miezi 360 ni milioni 72. Toa mkupuo wa sasa wa milioni 37.2, zinabaki 34.8. Ukimlipa laki tatu na elfu 72 kila mwezi, hela hiyo inaisha kwenye mwezi wa 93, hajafikisha hata miaka minane ya kustaafu. Ukimlipa kwa ile formula ya zamani, mkupuo wa milioni 62 unabakiza milioni kumi, miaka miwili na nusu kwisha habari. Na uhalisia ni mbaya zaidi maana mshahara wake wa mwanzo ulikuwa mdogo, mchango ulikuwa mdogo, ila mafao yanapigwa kwa mshahara wa mwishoni.

Sasa hilo pengo linazibwa kwanza na vitu viwili, faida ya uwekezaji na michango ya vijana wanaoingia. Ndo maana mtu akikuletea hoja ya mabadiliko inayogusa mafao peke yake, bila kusema kitu kuhusu uwekezaji na kuhusu ajira mpya, ujue amekuletea nusu ya hoja. Ukipita Rock City Mall, kumbuka hela ya wastaafu iko ndani ya zile kuta, LAPF iliweka pale na sasa ni PSSSF. Si vibaya mfuko kujenga, ila mwanachama ana haki ya kuuliza jengo linaingiza kiasi gani kwa mwaka na je ingewekwa kwenye hatifungani ya serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba) ingeleta kiasi gani. Swali hilo moja liulizwe kila mkutano wa mwaka wa wadau, kila mwaka, bila kuchoka.

Na kuna la tatu ambalo halisemwi vya kutosha: serikali yenyewe kulipa inachodaiwa. Watumishi walioanza kazi kabla ya Julai 1999 walikuwa hawakatwi mchango wa pensheni, baadae wakaingizwa kwenye mfuko na mfuko ukaanza kuwalipa miaka ambayo haikuchangiwa. Lile deni ndo lilikuwa linaunyonya mfuko kwa miaka mingi. Mwishoni mwa 2021 serikali ikatoa hatifungani maalumu ya karibu trilioni 2.17 kulipunguza. Nalipongeza hilo kabisa, ni moja ya marekebisho makubwa yaliyofanyika na halikumnyang'anya mstaafu hata shilingi. Kwa iyo kwenye karatasi yako andika: je, hoja hii inaanza na madeni ya mwenye nguvu, au inaanza na mstaafu?

Kwenye bima, angalia nani anaingia na lini

Bima ya afya ina ugonjwa wake tofauti. Ni kama kile chama cha kufa na kuzikana cha mtaani, kama watu wanajiunga siku wamefiwa, chama hakimalizi mwaka.

Toto Afya Kadi ni somo ambalo kila mzazi anapaswa kulielewa. Shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, nzuri mno, familia nyingi hapa ziliokolewa na ile kadi. Tatizo ni kwamba walioandikishwa wengi walikuwa watoto ambao tayari wanaumwa, wazazi wenye watoto wazima walisubiri, hela iliyotoka ikazidi kwa mbali iliyoingia, na mwaka 2023 NHIF wakasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja wakaelekeza mashuleni na kwenye vifurushi vya familia. Wazazi waliumia, na mi bado naamini namna ilivyosimamishwa ghafla haikuwa ya kiungwana kwa mtu mwenye mtoto wa sikoseli (na Kanda ya Ziwa tunajua sikoseli ni nini). Lakini hesabu ya nyuma yake ilikuwa ya kweli.

Dawa ya ugonjwa huo ni moja, wazima na wagonjwa waingie pamoja. Hiyo ndo roho ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023. Wakati inajadiliwa, Watanzania wenye bima ya aina yoyote walikuwa kama 15 tu katika kila 100. Ukitaka kujua kama utekelezaji wake unaenda vizuri, usiangalie idadi ya kadi zilizogawiwa, angalia maswali haya: wasio na uwezo wanalipiwa na nani, na hela hiyo imeshaingia au ni ahadi? Sheria imetaja vyanzo, ushuru kwenye vinywaji baridi, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha na kadhalika. Kwa iyo kila bajeti ikisomwa mwezi Juni, sikiliza ni kiasi gani kwenye hivyo vyanzo kimepelekwa kwenye mfuko wa wasio na uwezo. Kama hakuna, ile kaya ya mvuvi asiye na mtumbwi wake, anayelipwa kwa mgao wa samaki na msimu wa mbalamwezi hana kitu, itabaki nje, au itaandikishwa na kituo hakitalipwa.

Alafu uliza kadi inanunua nini. Elfu 30 kwa kaya, kaya mia moja ni milioni tatu kwa mwaka, hiyo ni laki mbili na nusu kwa mwezi kwa watu kama mia sita. Haiwezi kujaza dawa zahanati. Anayekuambia mchango utabaki mdogo hivyo na huduma itakuwa kamili, muombe akuonyeshe ruzuku inatoka wapi. Na anayekuambia upandishwe, muulize mtu wa kisiwani atalipaje kwa mkupuo, kwa nini asilipe kidogo kidogo kwa simu wakati wa msimu wa dagaa. Mwaka 2022 muswada ulipoingia bungeni mara ya kwanza ilitajwa laki tatu na elfu 40 kwa kaya ya watu sita, na kulikuwa na pendekezo la kuibana bima na vitu kama leseni ya udereva. Watu wakasema, wabunge wakasema, muswada ukaahirishwa ukarudi umebadilika. Kusema kunafanya kazi.

Jambo jingine fupi: bei ambazo bima inalipa hospitali. NHIF ilipoanza kitita kipya (orodha ya huduma na bei inazolipa) Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi ziligoma kupokea kadi. Bei ikiwa chini mno kadi yako inakataliwa dirishani, ikiwa juu mno mfuko unakauka. Hoja yoyote ya kubana matumizi ya bima iseme imekaa na watoa huduma au bado.

Usimsahau mzee ambaye hana mfuko wowote

Wazee wengi wa huku kwetu hawajawahi kuwa na hati ya mshahara maisha yao yote. Walilima pamba, walivua, waliuza samaki wa kukaanga. Kikokotoo hakiwahusu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inataka wazee wasio na uwezo watibiwe bure, ila mzee akifika na kitambulisho anaambiwa dawa hakuna, akanunue nje, hapo bure imekuwa wapi.

Mfano upo karibu. Zanzibar tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na kuendelea analipwa pensheni jamii, ilianza elfu 20 kwa mwezi baadae ikapandishwa hadi elfu 50, hawaulizi ulifanya kazi wapi. Na hapa hapa ng'ambo ya ziwa, Muleba mkoani Kagera, shirika la Kwa Wazee lilianza 2003 kuwapa wazee, hasa bibi waliobaki na wajukuu yatima, hela kidogo ya kila mwezi. Kwa bara hatujafika. Kwa iyo akija mtu na hoja ya kunusuru mifuko, muulize na hili: je kuna shilingi yoyote kwa bibi ambaye hakuwahi kuchangia kwa sababu hakuna aliyewahi kumuajiri? Mi nadhani kuanza na wa miaka 70 kama wenzetu inawezekana, gharama yake inahesabika kirahisi maana sensa ya 2022 ipo na umri wa watu umeandikwa, chukua idadi, zidisha elfu 50, zidisha 12, weka mezani tubishane kwa namba.

Hoja yako uipeleke wapi

Ukishapata majibu yako kwenye karatasi, usiishie kulalamika kwenye daladala. Mambo ya zahanati na CHF yanaanzia mkutano wa mtaa au kijiji, hakikisha imeandikwa kwenye muhtasari, mwambie mtendaji akusomee alichoandika. Ipo pia kamati ya usimamizi ya kituo cha afya ambayo ina wawakilishi wa wananchi, wajue kwa majina. Kutoka hapo diwani anaipeleka baraza la madiwani. Mambo ya formula na asilimia ni ya Dodoma, hapo pita kwa chama chako cha wafanyakazi na kwa mbunge, na muda ndo kila kitu: muswada ukishasomwa mara ya kwanza unaenda kwenye kamati, na kamati huwa inaita maoni ya wadau. Dirisha hilo ni dogo. Ukurasa mmoja wenye hesabu kama ya yule dada muuguzi una nguvu kuliko kurasa kumi za malalamiko. Bajeti inajadiliwa Aprili hadi Juni, kwa iyo mbunge mshike Januari au Februari akiwa jimboni, sio Mei.

Andika hivi, kwa adabu lakini bila kuzunguka: "Mheshimiwa, tunaomba ufafanuzi wa mambo matatu. Mfuko una uwezo wa kulipa mafao kwa miaka mingapi kwa tathmini ya mwisho? Serikali inadaiwa kiasi gani na mfuko? Mabadiliko haya yanamuanza nani, anayestaafu mwakani au anayeajiriwa mwakani?" Hilo la mwisho nalisisitiza sana. Kumbadilishia mtu wa miaka 57 ni ukatili, hana muda wa kujipanga. Kijana wa miaka 25 unaweza kumwambia ukweli leo akajipanga miaka 35.

Na wakati unasubiri majibu, kagua rekodi yako

Shemeji yangu alifanya kazi kiwanda kimoja cha minofu hapa mjini, hati ya mshahara ilionyesha anakatwa kila mwezi, kuja kuangalia kuna miezi mingi haijapelekwa. Ili upate pensheni ya uzee unahitaji angalau miezi 180 ya michango, ukipungukiwa pensheni ya kila mwezi huipati, kwa iyo kila mwezi usiopelekwa ni wako umepotea. Wa PSSSF pakua programu ya PSSSF Kiganjani, wa NSSF jisajili kwenye mfumo wao wa wanachama au nenda ofisini na kitambulisho, chapisha taarifa ya michango, linganisha na hati zako za mshahara mwezi kwa mwezi. Ukikuta pengo nenda na nakala za hati, ukiweza nendeni wengi wa kazi moja, mfuko una nguvu ya kisheria ya kumdai mwajiri na kumtoza faini ya kuchelewesha.

Anayejiajiri, bodaboda, machinga, mwenye mtumbwi, fundi, NSSF wanapokea mchango wa hiari, nenda uulize kima cha chini cha sasa na kifurushi chenye matibabu ni kiasi gani, na uulize pia ukikosa mwezi mmoja wa ziwa kufungwa inakuwaje. Hizo hati za mshahara msitupe jamani, hata zile za kazi mliyoacha zamani, wekeni kwenye mfuko wa nailoni zisilowe.